Matheran kipindi cha mvua: lipia chumba kikavu, chumba cha kutazama bonde achana nacho

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke na chake. Matheran wakati wa mvua naipa nyota 4 kwa 5. Hoteli ya kwanza tuliyofikia naipa 1, na hiyo 1 ni ya mpishi wao maana jamaa anajua kazi. Vile vyumba vinavyouzwa kwa jina la "kutazama bonde", hoteli zote, kuanzia Juni mpaka Septemba, navipa sifuri. Hamna bonde, kuna ukungu. Unafungua pazia asubuhi unakuta kama mtu kaning'iniza shuka jeupe nje ya dirisha, linakaa hapohapo mpaka jioni, na we umelipia nyongeza kwa ajili ya hilo shuka.

Kwa wasiopajua, Matheran ni kamji ka milimani kwenye wilaya ya Raigad, jimbo la Maharashtra, India, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na ndo karibu kuliko yote ukiwa Mumbai, iwe umemleta mgonjwa hospitali, uko masomoni au umekuja na mishe zako za biashara. Mkoloni wa Kiingereza Hugh Malet, aliyekuwa kolekta (mkuu wa wilaya) wa Thane, ndo anatajwa kuukwea huo mlima mwaka 1850, wenzake wakafuata kukimbia joto la Mumbai, wakajenga mabangalo, Maparsi (waumini wa Zoroasta) na wenye hela wengine wa Mumbai nao wakajenga ya kwao, mengi bado yapo, mengine yameota majani mpaka juu ya paa. Kinachopafanya pawe tofauti na miji mingine ya milimani ni kwamba magari hayaingii. Pikipiki pia hamna. Mwaka 2003 serikali ya India ilipatangaza kuwa eneo nyeti la mazingira, kwa hiyo teksi inakushusha sehemu inaitwa Dasturi, ambulensi ndo inaruhusiwa kupita, na riksho za umeme nitakazozitaja mwishoni, wewe mzima wa afya mbele yako ni miguu, farasi au katreni.

Watu wengi watakwambia subiri Oktoba mvua ziishe. Mi nasema nenda mvua ikiwa inapiga, ila ujue unakwenda kufuata mvua yenyewe na siyo picha za bonde. Ule upepo wa kusi ukishavuka ikweta unakata kona, unapita Bahari ya Arabia unabeba maji njia nzima, ukifika India unakutana na ukuta wa milima ya Sahyadri, hauna pa kupita, unapanda, unapoa, unamwaga kila kitu hapohapo. Mumbai mvua zinaingia kwenye tarehe 10 Juni hivi na Julai ndo kilele. Huko juu sasa inanyesha kwa namna ambayo haina mwanzo wala mwisho, inapungua kidogo unasema afadhali, kumbe imevuta pumzi tu. Udongo ni mwekundu, ule mwekundu wa kweli, na miti imejaa kuvu na kijani mpaka kwenye vigogo, halafu ukitembea kwenye njia za ndani za msituni husikii injini hata moja, unasikia maji tu, kwato za farasi kwa mbali, na kuna ndege mmoja anapiga mluzi wa kibinadamu kabisa, mrefu, hauna wimbo, unageuka ukidhani kuna mtu anakuita. Tuligeuka wote wawili mimi na mke wangu, hakuna mtu. Ni ndege mweusi wa buluu anayeishi kwenye hii milima, na msimu wa mvua ndo msimu wake wa kuimba. Kwa hilo tu nyota mbili kati ya zile nne zimeshapatikana.

Kufika. Neral ndo stesheni ya chini, unapanda treni za kawaida za Mumbai zinazoandikwa Karjat au Khopoli, toka CSMT, stesheni kuu ya Mumbai, ni kama masaa mawili na nauli ni hela ndogo mno. Ukitokea mji wa Pune shuka Karjat upande treni inayorudi upande wa Mumbai, Neral ni stesheni ya pili. Sasa hapa sikiliza, reli hii maeneo ya Badlapur inapita karibu na mto Ulhas na mto ukijaa reli inakaa chini ya maji, Julai 2019 treni ya Mahalaxmi Express ilinasa kati ya Badlapur na Vangani ikiwa na abiria zaidi ya 1,000 wakaja kutolewa kwa maboti. Kwa hiyo usipange kushuka mlimani siku ileile ya ndege yako. Acha nafasi.

Neral pale kuna vile viteksi vya kubanana, tulilipa kama rupia 100 kwa kichwa, na hakiondoki mpaka kijae. Barabara ya kupanda ni fupi ila imesimama, kona juu ya kona, maji yanashuka barabarani na madereva wanaijua vizuri kupita kiasi, yaani jamaa anakata kona huku anageuka nyuma kupiga stori. Mwenye kutapika akae mbele.

Kuhusu ile treni ndogo maarufu, hapa wengi wanaumia. Reli ile ina upana wa futi 2 tu, ilijengwa kati ya 1904 na 1907 kwa hela za familia ya Peerbhoy, Mabohora wa Mumbai, na safari ya Neral mpaka juu ni kilomita kama 21 za kuzunguka mlima. Picha zake ndo zimejaa kila tangazo la hoteli. Ila wakati wa mvua HAIPANDI kutoka Neral, wanaifunga kuanzia katikati ya Juni mpaka Oktoba kwa sababu ya maporomoko, na si woga wa bure, mafuriko ya Julai 2005 yaliisomba hiyo reli ikaja kufunguliwa tena 2007. Kinachobaki ni kipande cha juu, Aman Lodge mpaka Matheran, hakifiki kilomita 3, Aman Lodge ni hatua chache tu kutoka Dasturi. Nauli daraja la kawaida haifiki rupia 100. Panda, inafurahisha, mvua inapiga kwenye dirisha na ukungu unaingia mpaka ndani ya behewa, ila ni dakika kama ishirini basi. Mtu akikuuzia pakeji ya Julai na kakuwekea "safari ya treni ya kihistoria toka Neral" muulize anakupeleka na treni gani.

Haya, hoteli. Jina sitaji maana sijaja kumharibia mtu biashara, nimekuja kusema shida ambayo utaikuta kwenye hoteli nyingi za kule. Tumefika tumelowa chapachapa, tunaingia chumbani, kweli dirisha kubwa, kaveranda, viti viwili vya kukaa kutazama hilo bonde. Kitanda kizuri. Nikakaa. Nikaona suruali yangu haijalowesha kitanda, kitanda ndo kinanilowesha mimi. Shuka bichi, mto mbichi, blanketi ukilishika linakuwa zito la maji kabisa na lina ile harufu ya kabati la bibi lililofungwa miaka. Nikashuka mapokezi nikamwambia kijana, bhaiya (yaani kaka), shuka zote ni mbichi. Akanitazama kwa huruma ya dhati akasema, "Ni monsuni, bosi." Akabadilisha, akaleta nyingine, mbichi pia ila zimekunjwa vizuri. Taulo nililoanika usiku kwenye kiti asubuhi nikalikuta limelowa kuliko nilivyoliacha. Maji ya moto yanatoka saa moja mpaka saa tatu asubuhi tu, ukirudi jioni umekauka damu kwa baridi oga la bomba. Umeme ukakatika, jenereta lao linawasha taa za korido na mapokezi, vyumbani hamna. Na mezani kwenye bili kuna mstari unajitegemea wa nyongeza ya bonde. Nikamuuliza bonde lipi? Akanyoosha kidole dirishani kwenye ule weupe. Hapo hata mimi nilicheka.

Tukahamia karibu na bazaar, nyumba ya zamani ya bibi mmoja na mwanawe, vyumba vichache, dirisha linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji ya mvua. Mandhari sifuri. Lakini yule bibi alivyotuona tu kwenye mlango hakusema karibuni, alionyesha viatu akasema vueni, leteni hapa. Nyuma ya jiko ana kachumba kana kamba kutoka ukuta mpaka ukuta na feni mbili zinazunguka mchana kutwa, joto la jiko linaingia humo, na kila mgeni ana kipande chake cha kamba. Viatu anavijaza magazeti anavipanga karibu na jiko. Shuka zinapigwa pasi jioni kabla hujalala, siyo zinyooke, zikauke. Unalala kwenye shuka lenye uvuguvugu huku nje inamwagika, aisee. Ndoo ya maji ya moto unaomba saa yoyote. Bei ilikuwa chini karibu nusu ya kule kwenye ukungu wetu wa kulipia, kama elfu mbili na kitu rupia watu wawili na milo yote ndani yake.

Kwa hiyo ukipiga simu kutafuta chumba usiulize kuhusu mandhari. Uliza pa kukaushia nguo papo? Jenereta au invata (umeme wa betri) inafika mpaka vyumbani? Maji ya moto saa ngapi? Na kwa sisi wageni kuna swali la muhimu kuliko yote hayo, mnapokea watu wa pasipoti ya nje? Maana hoteli India ikimpokea mgeni wa nje inatakiwa iingize taarifa zake kwenye mfumo wa serikali, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, na hoteli nyingi ndogo hazitaki usumbufu huo au hazijajisajili, unafika umelowa na mabegi unaambiwa samahani. Uliza kabla, na ubebe pasipoti yenyewe na viza. Keshi pia beba, watu wote kule wanalipana kwa simu kwa UPI, hata muuza mahindi ana kikaratasi cha kuskani, na kama hujajiunga na UPI we ni mtu wa noti.

Mizigo usijitese nayo, mahamali wapo Dasturi na pale stesheni, wanaume kwa wanawake, wanabeba begi kichwani na wanakuacha nyuma kwenye matope huku huna hata kitu mkononi. Kubalianeni bei kabla. Farasi pia wapo wengi na bei zao zimebandikwa kwenye ubao, ila kipindi cha mvua mi sikupanda na sikushauri, njia zinateleza na farasi mwenyewe unamwona anavyopima kila hatua. Halafu wanakuuzia mzunguko wa "pointi" zote, Matheran ina pointi nyingi za kutazamia, Echo, Louisa, Panorama, Alexander, Porcupine, orodha ndefu, na kwenye ukungu zote ni pointi moja. Kuna jamaa alitufuata karibu njia nzima anatutajia majina na kila akitaja ananyoosha mkono upande uleule mweupe. Bora utembee mwenyewe kwa miguu uende moja au mbili tu ukakae.

Sisi tulikwenda ziwa Charlotte, ndo linalowapa maji ya kunywa wakazi, na wakati wa mvua linajaa linamwagikia upande wa pili, pembeni yake kuna hekalu la Pisharnath, watu wanaingia wamelowa wanatoka wamelowa hamna tofauti. Kutoka hapo ukisonga kidogo unafika Louisa. Tumekaa pale kwenye jiwe hatuoni hata mti wa mbele, wenzetu waliokuja na farasi wakapiga picha za weupe wakaondoka. Sisi tulikuwa na mahindi ya kuchoma hatujamaliza ndo kilichotubakiza. Ghafla ukungu ukapasuka kuanzia chini, ukainuka, na ng'ambo kule ikatokea ngome ya Prabal, yaani mlima mzima umekaa mbele yako na maporomoko membamba yanashuka kwenye kuta zake, hata kuhesabu hayahesabiki, na chini kabisa mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Mke wangu anasema toa simu toa simu, simu iko kwenye nailoni tatu, nafungua ya kwanza, ya pili, pazia likashuka. Hiyo ndo mandhari ya Matheran msimu wa mvua, na haina nyongeza kwenye bili. Kitu kimoja lakini, kwenye hizo pointi kingo nyingi ni fupi au hazipo kabisa na jiwe limeota kuvu, ukungu unakuficha mwisho wa ardhi uko wapi. Kaa mbali na ukingo, selfi piga na mti.

Chakula sina malalamiko hata kwenye hoteli ya nyota 1. Hoteli nyingi wanapika mboga tu, mapishi ya Kigujarati, na nyingine zinapika ya watu wa dini ya Kijaini kabisa, haina kitunguu wala thumu, kwa hiyo mpenda nyama aulize mapema, bazaar zipo za kuku. Chai ya tangawizi na bajia za vitunguu za motomoto kwenye kibanda cha turubai, mvua inapiga turubai mpaka hamsikilizani, chumvi na pilipili mbichi ya kukaanga pembeni, hapo ukiniuliza Matheran nini nitakwambia hapo. Mahindi wanachoma kwenye mkaa wanapaka ndimu na pilipili. Nyani na kima wanajua bei ya kila kitu, usitembee na mfuko wa nailoni mkononi unaochezacheza, mtoto mmoja alinyang'anywa pakiti nzima ya kashata za karanga na sukari guru, wao wanaziita chikki, na kima akakaa juu ya paa akazifungua kwa ustaarabu kabisa moja baada ya nyingine huku mtoto analia chini.

Sasa usalama bila utani. Idara ya hali ya hewa ya India inatoa tahadhari kwa rangi, njano, chungwa, nyekundu, kwa kila wilaya. Angalia ya Raigad, siyo ya Mumbai. Ikiwa nyekundu ahirisha tu, hela ya chumba haijafika thamani yako. Kijiji cha Irshalwadi, wilaya hiyohiyo, kilifunikwa na maporomoko ya udongo usiku wa Julai 2023 watu wengi wakafa, na Juni 2024 familia moja ilisombwa na maji karibu na bwawa la Bhushi kule mji wa Lonavala mbele ya macho ya watu, dakika chache kabla yake walikuwa wanacheza kwenye maji madogo tu. Maji ya mlimani yanakuja kwa mvua iliyonyesha juu usikoona. Kila msimu viongozi wa wilaya wanapiga marufuku watu kusogelea baadhi ya maporomoko, ukikuta bango au polisi geuza.

Jambo la mwisho ni riksho za kuvutwa kwa mikono. Zilikuwepo miaka yote, mtu anamvuta mtu mwenzie kwenye matope yale kupanda mlima kwa miguu pekupeku, na Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru zikomeshwe ndani ya miezi 6 na wavutaji wapewe riksho za umeme. Mi naunga mkono moja kwa moja. Ukiwa na mzee au mtu asiyeweza kutembea hizo za umeme ndo za kuulizia unapofika Dasturi, ila usitegemee utaikuta inakusubiri, na treni ya Aman Lodge tiketi zake zinauzwa dirishani muda mfupi kabla ya safari, kwa hiyo mmoja apange foleni mwingine akae na mzee kwenye kibanda cha chai.

Siku za kwenda ni katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili Mumbai nzima inahamia kule, teksi Neral foleni, bei za vyumba zinapanda, na vijana wamebeba spika zao wanaziwasha msituni, ndege wangu wa mluzi simsikii tena. Vaa koti la nailoni, mwamvuli upepo unaugeuza dakika ya kwanza, na nguo nyeupe usibebe kabisa maana ule udongo hautoki. Viatu vya ngozi wanavyouza bazaar ni vizuri na ukibishana bei inashuka, ila visifunguliwe mpaka umerudi Mumbai.